Hakuna Cheche Mpaka Magodoro Yashuke

Saa moja asubuhi, bandarini Kalundu, mjini Uvira. Bunduki zinalia upande wa bonde la Ruzizi, abiria tisini wamejazana kwenye mashua ya chuma, na Libérat Ndikumana anapangusa kijiti cha kupimia oili. Anakichomeka kwenye injini ya mashine yake ya kuchomelea, anakichomoa, anakiinua kwenye mwanga na kukisoma taratibu kama barua ya mchumba.

"Papa Libérat, vita iko inakuya na weye uko unapima mafuta?" anapaaza sauti Cyprien, mwenye mashua.

"Vita iko na miguu yake, itafika tu. Mashini bila oili haifike fasi yoyote," anajibu fundi bila kugeuka.

Shida ni ufa wa sentimita arobaini kwenye ubavu wa mashua, karibu na omo. Mashua ikiwa tupu, ufa unakaa juu ya maji. Ikijaa watu, unazama na maji yanaingia. Usipozibwa asubuhi hii, hakuna atakayevuka ziwa kwenda Rumonge, na miongoni mwa abiria hao yumo Georgette, mke wa fundi, pamoja na watoto wao wanne.

Libérat ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Mutarule, na karakana yake iko mtaa wa Kasenga, ambako umeme huja na kutoweka kama mgeni asiyeaga. Ndiyo maana anategemea mashine ya injini, yenye uzito wa kilo mia mbili, aliyoinunua baada ya miaka mitano ya kuunga vitanda na milango. Siku njema humpatia dola kumi. Siku za vita humpatia jasho tu, nazo amekwisha kuziona nyingi: alikimbia mwaka 1996, akakimbia tena 1998.

Ukali wake juu ya mashine hiyo ulianza katika vita hivyo vya pili. Aliificha mashine sebuleni isiporwe, kisha akaiwasha humo humo ili iwape umeme wa taa. Kabla ya ugali kuiva, familia nzima ilikuwa imeshika vichwa na kutapika, na majirani walikwisha kumtaja mchawi kwa jina. Kumbe ni moshi wa injini.

"Nilimuambia, kati ya moshi yake na wezi, minye nachagua wezi," ananisimulia Georgette.

Tangu siku hiyo injini haiwashwi ndani. Kila asubuhi Libérat hupima oili, hukung'uta chujio la hewa na kupitisha vidole juu ya waya kutafuta palipochubuka. Mafundi wenzake humcheka, lakini mashine zao mbili zilishakufa na yake bado inanguruma.

Leo kaikagua, kaiweka mahali moshi unakopeperukia ziwani, kakwangua kutu juu ya maji, karibu na ufa, ili kibanio cha waya kishike chuma kitupu. Kisha anatoa amri ambayo hakuna aliyeitarajia.

"Mushuke bote. Na matela yenu."

Zogo linazuka. Watu wamelala humo tangu jana, wakichota maji na kulinda nafasi zao, na magodoro ya sponji yamerundikwa mpaka ukingoni. Mama mmoja anaapa kwamba atakayemshusha atamshusha maiti. Libérat anaweka ngao yake ya uso chini, anakunja mikono. Hakuna cheche mpaka magodoro yashuke.

Ni Georgette anayeokoa jahazi. "Mupange bido, kama ku robine!" anasema. Hapo kila mtu anaelewa, maana nani Uvira hajawahi kuacha dumu lake bombani limshikie foleni? Dumu moja kila familia, kwa mpangilio wa kushuka.

"Mujaze maji," anaongeza Libérat. "Tupu, upepo utabeba bido na nafasi yako."

Muda si muda, madumu thelathini na mawili yaliyojaa maji ya ziwa yamejipanga ufukweni. Mashua imeinuka, ufa umetoka majini. Anayebaki na ubishi ni Mzee Étienne, mkulima, aliyelitandika godoro lake hatua tano tu kutoka kwa fundi na kulikalia. Anapoambiwa asogee, anasogea hatua moja.

"Matela hii nilinunua na mupunga ya misimu mbili," anasema. "Siiache mbali na macho."

Injini inanguruma, cheche zinaruka. Hazipiti dakika kumi, moshi unafuka nyuma ya Mzee Étienne, na wa mwisho kujua ni yeye mwenye makalio. Watu wanavamia madumu. Yote thelathini na mawili yanamwagwa, mengine kwenye godoro, mengi zaidi kwa mwenye godoro.

Moto unazimika. Foleni nayo imezimika.

"Minye nilikuwa wa tatu!"

"Wa tatu ni minye!"

Bunduki zinalia tena, karibu zaidi, na ubishi unakatika. Fundi anamalizia, anagonga mshono kwa nyundo, anatikisa kichwa kukubali. Watu wanapanda bila namba, watoto kwanza, wakicheka kicheko cha watu wenye hofu kubwa. Mzee Étienne anapanda akichuruzika maji, nusu godoro kwapani.

Libérat hapandi. Kilo mia mbili na tangi la petroli haviingii katika mashua iliyojaa, na kuiacha mashine hataki. Georgette analia waziwazi, anamwita "kichwa ngumu" mbele za watu, kisha anamfungia mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa chake cha kichwani.

Mashua inapokuwa ndogo ziwani, ninamuuliza kama mshono utahimili.

"Itafika Rumonge, na itarudi. Upande ya inje nimefunga muzuri," anasema. "Upande ya ndani nimeacha."

Kwa nini aache kazi nusu, mtu makini kama yeye? Anapangusa macho, anasingizia moshi.

"Nilimuambia Cyprien, ile nitamalizia hapa Kalundu, siku ataniletea Georgette na batoto. Nikimaliza yote leo, atarudi kufanya nini?"