Mkono Ulioandikwa Kwenye Kadi

Wasomi wakitaka kukueleza kazi ya mtu aitwaye Sindano watakumalizia kurasa arobaini, na usingizi juu. Hapa inamalizwa kwa komamanga moja, tena bure. Chukua punje za chuma, ndogo kuliko kitu chochote ambacho jicho lako limewahi kujivunia kukiona. Punje moja peke yake ni dhaifu, sumaku inaihangaikia bure. Ukiifanya kubwa inakuwa king'ang'anizi: hata sumaku ikiondoka bado imeshikamana na wenzake, kama wageni wasiojua kuaga. Basi unakusanya ndogo nyingi pamoja, mfano wa mbegu za komamanga, unazifunika kwa ganda jembamba la kioo. Siku moja zingeingizwa mwilini mwa mgonjwa, zivutwe mpaka kwenye uvimbe, zipashwe moto ziuchome. Lakini bila ganda hakuna kitu. Chuma kidogo namna ile kikibaki uchi, maji yanakitafuna mpaka kinakuwa kutu tupu.

Sindano, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, aliifanya kazi hiyo miaka tisa, katika chumba cha madirisha yasiyofunguka na feni iliyokoroma kama mwenye pumu. Ganda lilijengwa kwa matone: tone, hesabu mpaka sita, tone jingine, saa nane mfululizo. Ukiharakisha, kioo kinajitengenezea vidonge vyake pembeni na chuma kinabaki nusu uchi. Kwa macho hutambui. Maji ndiyo yatakayokuumbua, wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo kila chupa ilikuwa na kadi, na kwenye kadi jina la aliyedondosha.

Mkuu wa chumba alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, tumbo moja, ndiye aliyemsomesha. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, na kamati inayosimamia utafiti ilishampiga marufuku kugusa chupa. Siku ya kutengeneza ile ya jaribio kuu alimwomba mpwa wake asogee kidogo. Kazi aliianzisha yeye, alisema, angalau hii moja aimalize yeye. Haya, wewe mwenye moyo wa jiwe, mkatalie aliyekulea tuone. Sindano alisogea. Mzee akamaliza kwa saa tano badala ya nane, akamwambia mpwa wake ajiandike yeye kwenye kadi. Akaandika.

Chupa ilipaswa kukaa siku tisini katika maji ya chumvi yenye joto la mwili. Maji yakibaki safi, wagonjwa wa kwanza wangeitwa. Yakichafuka, aliyedondosha angejibu. Siku ya sitini na moja Sindano alifungua kabati la joto akakuta rangi ya chai nyepesi. Akafunga mlango, akafungua tena, utadhani kutu huwa inabadili mawazo.

Alimfuata mjomba ofisini, akamsihi aseme mwenyewe.

Mzee alivua miwani. "Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, mwanangu. Nikisema, natoka hapa kama mwizi. Wewe bado kijana, utaanza tena."

"Nina miaka arobaini na mitatu, mjomba."

"Si ndiyo nasema? Bado kijana."

Kamati ilipoitwa kuiangalia chupa, mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja wa sauti ya chini. Aliisoma kadi mara mbili. "Imeandikwa wewe. Ni wewe?"

Sindano alimtazama mjomba wake. Mzee alikuwa ameinamia karatasi zake kama anayetafuta nukta iliyodondoka. Sindano alimsubiri aseme mpaka mtu mmoja akakohoa.

"Ni mimi," alisema.

Alidhani anapoteza chupa moja. Mwenyekiti akaeleza, kwa upole uleule, kwamba mkono ulioharakisha mara moja na kuficha hauaminiki popote ulipopita. Chupa zote thelathini na nane zenye jina lake zimwagwe, hata zilizo nzima, naye akabidhi funguo. Hilo Sindano hakuwa amelipigia hesabu. Alizimwaga mwenyewe kwenye pipa la taka, moja baada ya nyingine, nyeusi, safi, zisizo na chembe ya kutu. Zilimchukua mchana kutwa. Mjomba hakupita kwenye ule ujia.

Nyumbani mama yake alikuwa keshajua. Kaka yake alishampigia. Alikuwa amelia kwenye simu, mama alisimulia, akasema ni yeye aliyewabembeleza wakubwa wasimpeleke mpwa wake mahakamani.

"Umemwaibisha mjomba wako uzeeni," mama alisema. "Mpigie umwombe radhi. Chakula baadaye."

Sindano alitaka kumweleza ukweli. Akauona uso wa mama yake, ambaye duniani kote alikuwa na kaka mmoja tu, akaacha. Akachukua simu.

Mzee alipokea upesi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamwambia amemsamehe.