Maji Yasiyocheza

Mimi simwamini mtu upesi, na kazi yangu imenizidishia tabia hiyo. Nipo kwenye kituo kidogo cha umeme wa makaa ya mawe, upande wa Makuyuni, kinacholisha kiwanda kimoja. Malori yanamwaga makaa, mkanda unayapeleka tanuruni, maji ya boila yanageuka mvuke, mvuke unazungusha mashine ya umeme. Mimi natazama kioo chembamba ubavuni mwa boila kinachoonyesha maji yamefika wapi. Yakipungua mno moto ukiwaka, boila inapasuka na kuondoka na watu.

Aliyekuwa akinikabidhi zamu saa nane mchana ni Mnyamwezi, mjukuu wa mkata mkonge. Mimi Mzigua wa Handeni, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani ana ruhusa ya kukudanganya usikasirike. Aliwahi kunitangazia kwamba boila inavuja. Nilikimbia na ndoo, karakana nzima ikacheka. Tena wote wawili tulikuwa tukiitaka nafasi moja ya kiongozi wa zamu.

Siku hiyo nilitia saini daftari harakaharaka ili aondoke. Kwetu aliyetia saini ndiye mwenye mtambo. Aliyekabidhi hagusi kitu tena.

Akageuka mlangoni. "Mtani, maji ya kioo hayachezi. Kipime."

"Nenda zako nyumbani Kilole ukale," nikamjibu.

Hakwenda. Alikaa juu ya toroli la majivu, hatua chache kutoka kwenye boila, macho kwangu. Nikazidi kumshuku: huyu anangoja nibabaike aanze kucheka. Kupima kioo, yaani kumwaga maji yake uone kama yanarudi, ni desturi ya kila zamu, nami niliiruka kwa sababu yeye ndiye aliyesema. Maji yalionekana nusu ya kioo, tuli kabisa, ingawa ya boila inayochemka hutikisika muda wote. Robo saa nzima nilikaa hivyo, kwa ukaidi tu.

Mwishowe nikafungua koki ya chini ili nimwaibishe. Maji yakatoka yote. Yalipaswa kurudi papo hapo, hayakurudi. Njia ya kutoka kwenye boila hadi kwenye kioo ilikuwa imeziba, na mimi nilikuwa nikitazama maji yaliyonaswa. Nikazima mkanda wa makaa.

Moto ulipofifia nilimwendea nikiwa nimejaa aibu, nikamuuliza kwa nini hakuondoka.

"Ungepasuka na boila, mtani, ningewaambia nini msibani? Kwamba leo sikuwa natania?"