Mlango Niliouziba

Niliziba mlango wa majlisi, chumba cha wageni. Fundi aliniuliza mara mbili, "Mama, una hakika?" Nami, mwenye elimu ya sekondari na kiburi cha chuo kikuu, nikamwambia aongeze saruji. Mlango ule unatoka nje moja kwa moja, wageni wanaume waingie bila kupita ndani. Mimi niliona unaingiza mchanga tu. Kinyumba chenyewe vyumba vitatu, milango miwili ya nini?

Kinyumba hicho kiko Sib, ufukweni. Baba alikijenga tukimbilie huko joto likizidi mjini, kisha kikakaa miaka bila mtu. Binti yangu alipoolewa nikataka akae yeye. Akanambia wazi: "Mama, Ijumaa ya mwisho wa mwezi ntakuja na mume wangu tukitazame. Kisipotufaa, tunakodi fleti mjini, Madinat Sultan Qaboos."

Basi mimi, ambaye kutoka kwangu Darsait kwenda sokoni Matrah, hapo jirani tu, naona safari, nikahamia Sib mwezi mzima. Nikakwangua rangi ya madirisha kwa mikono yangu, nikapaka kuta, nikasugua sakafu mpaka maua ya vigae yakajitokeza.

Jumatano ya wiki ya mwisho wakaja wajomba wawili wa mkwe wangu kunisalimia. Wapite wapi? Mlango uliobaki ulikuwa wa jikoni. Wakapita, watu wazima na makanzu yao meupe, kati ya karai la sambusa na mimi niliyejitupia kichwani kitambaa cha kufutia sahani.

"Hatuoni, dada, hatuoni," akasema mmoja, akajigonga kwenye friji.

Alhamisi asubuhi fundi alikuja na nyundo. Hakucheka. Akauliza tu, "Nibomoe, mama, una hakika?" Nyundo ya pili nikaichukua mimi.

Ijumaa binti yangu alizunguka chumba hadi chumba, akapapasa mbao za dirisha.

"Nani kakwangua haya?"

"Mimi."

"Wee mama! Wewe ambaye hata rimoti huifuati?" Akamgeukia mumewe. "Fleti basi tena. Tunakaa hapa."

Nilivimba kichwa mpaka ushungi ukanibana. Nikatoka mbio kumwambia mama jirani, nikaongeza kwamba nitabaki nao wiki mbili tatu, niwaoneshe mabomba.

"Nyumba umeitengeneza, mashallah," akasema. "Sasa nenda zako kwako, hao bado maharusi."