Mafuta ya Nazi Katika Cherehani ya Mama

Harufu ya mafuta ya nazi hunitia aibu mpaka leo, na mimi ni mzee wa miaka themanini na ushee. Mama yangu alikuwa akishona barazani kwetu Kariakoo, nyuma ya soko, na mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Ramadhani iliangukia kipupwe. Majirani walikuwa wamemletea vitambaa vya kanzu za Idi, kumi na moja kwa jumla, na kila mmoja alikuwa ameahidiwa. Mama aliogopa kitu kimoja tu katika kazi yake, kuitwa fundi mwongo.

Siku nne kabla ya Idi cherehani ikaanza kulia kwii, kwii. Mimi, mjuaji wa miaka minane, nikaona dawa ninayo. Kwetu kila kilichokauka kilipakwa mafuta ya nazi: kichwa, miguu, hata bawaba za mlango. Mama alipokwenda sokoni nikayamimina katika kila tundu. Cherehani ikanyamaza, nikajipongeza. Kumbe asubuhi ya baridi mafuta yale huganda! Yaliganda pamoja na vumbi la nyuzi, gurudumu likagoma kabisa. Mama alilisukuma kwa mikono miwili, kisha akakaa akizitazama kanzu zilizokatwa, hazijashonwa.

Tukaibeba hadi kwa Kanji, fundi wa Kihindi wa mtaa wa pili. Akaifungua, akanusa kidole, akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Mama Rajabu, nani kaipikia mchuzi cherehani?"

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha cherehani. Mama hakunitazama.

"Mimi," alisema. "Ioshe tu, fundi."

Kanji akaiosha kwa mafuta ya taa, huku akimfundisha utunzaji wa mashine mwanamke aliyekuwa akishona tangu mimi sijazaliwa. Mama aliitikia kwa adabu. Kanzu ya mwisho ilitoka asubuhi ya Idi yenyewe, mwenye kanzu akiisubiri barazani amejifunga shuka.

Baadaye nikawa mhandisi. Nimefunga pampu za maji, nimesimamia jenereta, nimefufua injini za reli. Kila mtambo ulipokwama nilikuta vijana wakitazama viatu vyao. Niliuliza umetiwa nini, sikuuliza nani katia. Waliniita mpole, lakini haukuwa upole. Siku hizi Kariakoo kanzu huuzwa zimeshashonwa, na cherehani ile iko sebuleni kwangu Magomeni, naitia mafuta yake halali kila Ijumaa. Mama aliishi miaka mingi baada ya Idi ile. Nilikuwa na muda wa kutosha kumwambia "mimi", neno moja tu, na sikulisema.