Jumapili Tuliyompeleka Baba Msituni Pugu

Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la nyumba yetu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na mwaka mzima macho yalikuwa yakimwacha kidogo kidogo. Mwanzo Mama alimtungia uzi kwenye sindano. Baadaye ikabidi amwambie hata rangi ya uzi. Siku aliyorudi kutoka hospitali mara ya mwisho, aliketi mbele ya cherehani bila kuigusa, akatuambia waziwazi:

"Wamesema hayatapona. Haka kamwanga kalikobaki nako kataisha."

Mimi na mdogo wangu Mwanaidi tukaangaliana. Hakutupa nafasi ya kulia. "Jumapili hii twendeni Pugu," akasema.

"Kwa macho hayo, baba Rehema?" Mama akamuuliza.

"Kwa haya haya. Kabla hayajaisha."

Pugu tulikuwa tumeahidiwa tangu utoto. Baba alipofika Dar kutoka Lindi, kijana asiyejua kushona hata kifungo, alipasua mbao kwenye msitu ule miaka kadhaa. Jumapili alizopata nafasi alitutembeza karibu na nyumbani: Mnazi Mmoja, Feri kutazama samaki, bonde la Msimbazi kuchuma mapera. Tukichoka alikuwa akisema, "Hii si kitu, ngojeni niwapeleke Pugu mkaone miti." Lakini mara zikaja sare za shule za kumaliza, mara kaunda suti ya mtu anayesafiri, mara Mama yuko kwenye foleni ya sukari. Hakuna aliyeikataa safari. Ilisogea tu, mwaka hadi mwaka, na sisi tukawa wasichana wakubwa.

Asubuhi ya Jumapili mitaa ilikuwa kimya. Tulikatisha Mnazi Mmoja, Baba akiwa kati yangu na Mama, tukateremka hadi stesheni. Kwenye jua alikuwa bado anaona maumbo. Alimkwepa mtu wa baiskeli mwenyewe, akacheka kama aliyeshinda mchezo. Ndani ya treni tulimpa kiti cha dirishani. Maghala yalipoisha ikaja mikorosho na vijumba vya udongo, naye akawa anauliza, "Vilima vimeanza?" Mwanaidi anajibu bado. "Vikianza niambie."

Pugu tulipokewa na Bi Tabu, mjane wa mwenzake Baba waliyekuwa wakivuta naye msumeno mmoja. Nyumba yake iko pale njia ya msituni inapoanzia.

"Shikamoo, Bibi," tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu." Kisha akamtazama Baba. "Selemani! Ulisema utarudi na mke nimwone. Umeniletea na mabinti wa kuoza!"

"Mji ulinishika, dada."

Bi Tabu alikuwa amenyoosha mkono kumsalimu, na Baba hakuupokea. Hakuuona. Bibi akamgeukia Mama, Mama akatikisa kichwa polepole. Basi Bi Tabu akaushika mkono wa Baba yeye mwenyewe, akautikisa kwa nguvu, akaagiza mihogo iletwe.

Baada ya kula tulishika njia, Bi Tabu mbele. Sehemu ya kwanza ilikuwa wazi, nyasi na vichaka, na Baba alitembea bila kushikwa, hatua ndefu kama zamani. Alikuwa anatueleza mbele kuna nini: mteremko, kijito, halafu miti yenyewe.

Tulivuka kijito tukaingia chini ya miti. Jua lilikatika ghafla, kukawa na kivuli cha baridi na harufu ya majani yaliyolowa. Mwanaidi akasema, "Loo!" Baba akasimama.

"Tumefika?" akauliza.

"Tumo ndani, Baba," nikamjibu.

Aligeuza kichwa huku na huku. Hapo ndipo nilipoelewa. Kamwanga kale kalimtosha juani tu, na humu kivulini hakakumwonyesha kitu. Safari yote ile, na hakuna kati yetu aliyewaza kwamba msitu una giza lake.

"Nieleze basi," akaniambia. "Mbele yangu kuna nini?"

"Kuna mti mkubwa."

"Mti gani?"

"Sijui, Baba."

"Na kushoto?"

"Mti mwingine. Mwembamba. Na mwingine nyuma yake."

Bi Tabu alitaka kusema, Baba akamzuia kwa mkono. Alikuwa anangoja mimi niseme. Nikautazama ule mti mpaka machozi yakanizuia, na sikuwa na jina lake. Nilijua vitambaa vyote vya Kariakoo, khanga, drili, poplini; lakini mbele ya kitu alichokipenda baba yangu nilikuwa kama bubu.

Hakunigombeza. "Si kosa lako," akasema. "Miaka yote nilijua msitu utakuwepo tu. Kuhusu macho sikuwaza." Akaomba tumrudishe juani.

Jioni treni ilichelewa. Baba alikaa upande wa ndani, Mama akachukua dirisha, na njia nzima hakuuliza tena nje kuna nini. Tulipofika nyumbani majirani walimuuliza habari za Pugu. "Nzuri sana," akawajibu. "Pamejaa miti."

Mvua za vuli zilipoanza, mwanga wote ulikuwa umekwisha. Mama akashika cherehani, nami nikawa nakata vitambaa. Nilimwomba Baba turudi Pugu, nimshike mkono, aguseguse miti. Akasema, "Nendeni nyinyi. Mkirudi mtanihadithia." Tulikwenda, mimi na Mwanaidi, Jumapili nyingi, na Bi Tabu akatufundisha bila kuchoka: huu mvule, huu mkongo, huu mkole, huo unaopanda juu ya mingine ni mbungo. Nilimhadithia Baba yote barazani. Alisikiliza, akaitikia, "Enhe," na sikuweza kujua kama anachokiona kichwani ndicho nilichokiona mimi.

Nilichojifunza ni kidogo, na nilijifunza nikiwa nimechelewa. Majina ya miti anaweza kukufundisha mtu yeyote mwenye subira. Leo ninayajua. Ila katika miti yote ya Pugu, hakuna hata mmoja ambao mimi na Baba tuliwahi kusimama tukautazama pamoja.