Sauti Yangu Kwenye Kanda

Siku yangu ya kwanza kazini Nairobi nilipewa spika za masikioni, taipureta na kanyagio la mguuni. Ukilikanyaga, kanda inakwenda. Ukiinua mguu, inasimama. Kazi yetu iliitwa kunukuu: kusikiliza maneno ya watu na kuyapiga chapa kama yalivyotamkwa, bila kuyasafisha. Kibao cha mlangoni kilisema ni kampuni ya utafiti wa matangazo ya redio. Nyinyi vijana mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje, jueni kwamba niliipenda.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa ng'ambo, mpole, akituamkia kila asubuhi kwa Kiswahili cha kujifunza. Chini yake alikuwapo Mkuu wa Lugha, mzee wa Lamu. Yeye ndiye aliyeniajiri, kwa kuwa mimi ni Mpemba. Hata Waunguja, alisema, hupotea sisi tukizungumza haraka.

Baada ya miaka ya redio nikahamishiwa chumba cha ndani. Huko kanda zilikuwa za simu. Tuliambiwa kampuni ya simu inapima ubora wa laini zake, na wenye simu wameridhia. Nikaamini. Nilinukuu bei za karafuu, habari za wagonjwa, ugomvi wa mawifi. Kila kanda ilikuja na swali la kujibiwa mwishoni, na hilo nalo sikulitilia shaka.

Asubuhi moja nikavaa spika, nikakanyaga. Mwanamume akatoa salamu, mwanamke akaitikia. Nilikwishapiga mistari michache mguu ulipoinuka wenyewe. Mwanamume alikuwa kaka yangu Hamadi, akipiga kutoka kwetu Mtambile, Pemba. Mwanamke nilikuwa mimi.

Swali la kanda hiyo lilikuwa: wageni wanaotoka Oman kwenda Mtambile ni akina nani, na wana shughuli gani?

Nikaenda kwa Mkuu wa Lugha, nikamwambia sauti ile ni yangu, na wageni wale wanakuja kumposa binti yangu Salma. Hakushtuka, na hilo likanitisha zaidi. Akafunga mlango.

"Bi Zuwena, kwani wewe unadhani unamfanyia nani kazi?"

"Kampuni ya simu."

"Mkurugenzi na wenzake ni majasusi wa nchi yao. Mji huu umejaa wenzao wa kila taifa, kila mmoja na kibao chake mlangoni, tangu mimi kijana."

Nikamwomba kanda ipotee. Akasema wana nakala, watampa mtu mwingine asiyejua Kipemba, naye atabuni.

"Mimi nilimsikia mdogo wangu kwenye kanda," akasema. "Nikaandika kuwa haisikiki. Mwenzangu akainukuu upya, kwa makosa. Mdogo wangu alihojiwa mpaka akauhama mji."

Nilirudi kitini nikanukuu kila neno. Kwenye swali nikajibu kwamba wageni ni watu wa posa, na msemaji wa pili ni mimi ninayeandika. Nikatia jina langu kamili, nikachukua mkoba, nikatoka. Hakuna aliyenifuata.

Ndoa ilifungwa. Lakini ami yake bwana harusi, alipopitia Nairobi akija kwetu, alizuiwa uwanja wa ndege na kuulizwa kuhusu "shughuli ya Mtambile". Alipotusimulia, watu walicheka. Mimi nikaacha kula, nikanawa.

Nikafundisha kupiga chapa Chake Chake, kisiwani kwetu, hadi kustaafu. Hadi leo kinachonishtua ni jinsi mambo yale yalivyokuwa ya kawaida: chai ya saa nne, salamu za Mkurugenzi, ruhusa ya Idi.

Salma, anayeishi Maskati, alizoea kulalamika kwamba kwenye simu nampa salamu tu. Mwaka huu alipokuja kunitazama hapa nyumbani Madungu, nikamweleza sababu.

"Siku ile Mjomba Hamadi alipopiga, nilikuwa karibu yako," akasema. "Ulilia kwa furaha, mama. Na hilo waliliandika?"

"Niliandika mimi," nikamwambia. "Nilipiga chapa: mwanamke analia."