Likizo ya Baba Iliyoishia Mtito Andei

Baba yangu aliendesha lori la mizigo kati ya Nairobi na Mombasa kwa miaka yote ya utoto wangu, na bado sisi watoto wake hatukuwahi kuona barabara ile zaidi ya Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi. Safari yetu ilikuwa ya Krismasi tu, kwa basi, kwenda kwa nyanya upande wa Mwingi. Barabara ya Mombasa ilikuwa ya baba peke yake. Alitoka nyumbani kwetu mtaa wa Jericho, Nairobi, na mfuko wake wa nguo na chupa ya chai, tukamngoja, akarudi ananuka dizeli, ametuletea machungwa au asali ndani ya chupa ya soda. Kisha alilala siku nzima na sisi tukaambiwa tucheze nje.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, likizo yake iliangukia Agosti kwa mara ya kwanza, shule zikiwa zimefungwa. Ilikuwa wiki moja. Mjomba wangu, kaka yake mama aliyekaa Komarock na kuuza vinyago, alikubali kutuazima gari lake, steshenwagoni kuukuu lenye mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Baba alipoleta habari hizo jioni, alikuwa na uso ambao sikuuzoea. Alikaa mezani kabla hata ya kuvua koti.

"Mwaka huu mtaiona Kenya," alisema.

Akaanza kupanga vikombe. Kikombe cha bluu kilikuwa Nairobi. Mkebe wa chumvi ulikuwa Nakuru, bakuli la sukari likawa Kisumu, na chupa ya maji iliyosimama ukingoni mwa meza ikawa Mombasa. Kidole chake kilizunguka kutoka kimoja hadi kingine. Tungeanza kwa kuona flamingo, tulale Kisumu, turudi usiku, tupumzike kidogo, tuteremke Mombasa, tuoge baharini, na tukirudi tupitie Mwingi tumsalimie nyanya. Kaka yangu, aliyekuwa kidato cha tatu na ndevu tatu kidevuni, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba akitingisha kichwa kwa furaha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilishaanza kufikiria nguo ya kuogelea nitaitoa wapi.

Mama alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa nguo, na kibanda chake kilikuwa pale sokoni Jericho, lakini kazi ilipozidi aliileta nyumbani. Agosti ilikuwa mwezi wake mgumu kuliko yote, kwa sababu wazazi wote walikumbuka yunifomu kwa wakati mmoja. Hakusimamisha mguu. Aliuliza tu, "Na watoto watalala wapi huko Kisumu?"

"Tutapata mahali."

"Wewe unalala ndani ya lori. Nauliza watoto."

Baba alisogeza bakuli la sukari kidogo, kana kwamba Kisumu ikija karibu swali lingekwisha.

"Kaka yangu atalitumia gari lake Jumatatu," mama aliendelea. "Ijumaa anapeleka vinyago. Jumamosi bi harusi wa hapa jirani anataka gauni lake, na mimi ndiye ninayelishona. Kwa hiyo tuna Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Sasa nionyeshe Kisumu inaingia wapi hapo."

Hakukuwa na ubishi. Baba alilirudisha bakuli la sukari mahali pake, kisha mkebe wa chumvi. Mezani kikabaki kikombe cha bluu na chupa ya maji, na kati yao nafasi kubwa tupu.

"Basi Mombasa," alisema kaka. "Mama, hata tukigusa maji tu halafu turudi."

"Maji ya kugusa yako hapo mferejini."

Tulicheka sote, lakini baba alikuwa ameanza kuhesabu kimya kimya, na niliona uso wake unabadilika. Alituambia ukweli wake kama dereva. Barabara ya siku zile ilikuwa na mashimo, hasa kuanzia Mtito Andei kuteremka Voi. Siku nzima ingekuwa ya kwenda, siku nzima ya kurudi, na katikati siku moja ya kuamka tukiwa tumechoka, katika mji ambao hatukuwa na ndugu. Na mgongo wa mama ulikuwa haumruhusu kukaa garini muda mrefu namna ile. Alisema haya kwa sauti ya chini, bila kumlaumu mtu. Kaka aliingia chumbani akafunga mlango.

Hapo ndipo mama aliposimamisha cherehani. Aligeuka na kiti chake.

"Mimi nataka kuona mahali unapolala," alisema.

"Wapi?"

"Mtito. Si huko ndiko unakolala ukienda na ukirudi? Miaka yote hii nimesikia Mtito, Mtito. Unakula huko, unaoga huko. Nataka kupaona."

"Mtito hakuna kitu cha kuona, Mama. Ni vumbi na hoteli za madereva."

"Ndizo hizo hoteli ninazotaka kuona."

Hata mimi, kwa umri wangu, nililielewa ombi lile. Wanawake wa mtaani kwetu walikuwa na maneno kuhusu madereva wa masafa marefu. Mmoja wao alikuwa amemwambia mama pale kibandani, mbele yangu, nikiokota pini sakafuni, kwamba dereva wa lori huwa na nyumba mbili, na ile ya pili iko mahali lori linapopoa. Mama alimjibu kwamba lori la mumewe lilipoa gereji, na akaendelea kukata kitambaa. Lakini kitambaa kile alikikata vibaya, na ilibidi aanze upya.

Baba alimtazama. Nilimsubiri akasirike. Badala yake alichukua bakuli lile la sukari na kuliweka katikati ya meza, kati ya kikombe na chupa.

"Sawa," alisema. "Twende Mtito. Jumatano tushuke mpaka Voi, watoto waone ndovu njiani, turudi kulala. Alhamisi nyumbani."

Jumanne tuliondoka kabla ya jua kuchomoza. Mama aliketi mbele na mto nyuma ya mgongo. Mimi na kaka tulikaa nyuma na sufuria, blanketi na vinyago viwili vya twiga ambavyo mjomba alikuwa amesahau kushusha. Kaka alikuwa bado amenuna. Baada ya Athi River nchi ilifunguka pande zote mbili, majani makavu ya rangi ya biskuti, na baba akaanza kuongea. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea vile. Alituonyesha kona aliyowahi kukesha akingoja tairi, duka la pale Salama lenye mandazi mazuri, na jiwe ambalo yeye na wenzake waliliita Kiti cha Chifu. Kila mahali palikuwa na kisa. Mama alisikiliza akiwa ameangalia dirishani, na mara moja moja aliuliza, "Hapa ndipo ulipokwama ule mwaka wa mvua?" na baba akajibu, "Hapa hapa."

Kupita Sultan Hamud gari lilianza kutoa moshi chini ya boneti. Baba aliegesha kando, akafungua, maji ya radieta yakaruka kama chemchemi. Tulishuka tukakaa kwenye nyasi. Hatukukaa sana. Lori la kwanza lililotoka Mombasa lilipunguza mwendo, likapiga honi, likasimama. Dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alishuka na dumu la maji.

"Mzee wa Jericho! Leo umepakia nini?"

"Nimepakia familia."

Mtu yule alitushika mkono mmoja mmoja, akamsalimia mama kwa Kikamba na kumwita shemeji, ingawa hawakuwahi kuonana. Baada yake lilisimama la pili, kisha la tatu. Walisaidia kufunga mpira wa radieta uliopasuka, na wote walimwambia baba jambo lile lile: gari hili lisilazimishwe. Tukaendelea polepole, tukipumzika kila kilima. Karibu na Kibwezi baba alisema bila kugeuka, "Voi hatutafika. Tukifika Mtito tutakaa hapo, Alhamisi turudi taratibu." Nilimtazama kaka nikidhani atalalamika. Alikuwa ameshika dumu la maji kati ya magoti. "Ni sawa, Baba," alisema. "Hata hapa ni mbali."

Hoteli ilikuwa ya mabati, imepakwa rangi ya kijani, na mbele yake malori yalikuwa yamejipanga kama ng'ombe kwenye josho. Mwanamke aliyetoka jikoni alikuwa mkubwa kuliko mama kidogo, mwenye kitambaa kichwani na aproni iliyochanika mfukoni. Alituona, akaweka mikono kiunoni.

"Ngoja, usiniambie," alimwambia baba. Akamnyooshea kaka kidole. "Huyu ndiye wa mpira, aliyevunjika mkono akidaka. Na huyu," akanigeukia mimi, "ndiye anayesoma mpaka gazeti lililofungiwa nyama." Kisha akamshika mama mikono yote miwili. "Na wewe ni Mama Jericho. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilisaidia?"

Mama alimgeukia baba. Dawa ile ya kuchua ilikuwa chupa ndogo yenye harufu kali ambayo baba aliileta kutoka safarini mwaka uliopita. Mama alidhani imetoka dukani.

"Ilisaidia," alisema mama. "Ni wewe uliyeitoa?"

"Ni mama yangu anayeitengeneza. Dereva alituchosha hapa na habari za mgongo wako, tukaona bora tumpe chupa anyamaze."

Tulikula ugali na nyama, na madereva waliopita walisimama kutusalimia, na wote walijua kitu kimoja au kingine kuhusu sisi. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba baba akishatoka mlangoni anatusahau hadi atakaporudi. Kumbe tulikuwa tumesafiri naye muda wote. Nilishindwa kumaliza nyama yangu, nikampa kaka.

Alasiri ile baba alimwonyesha mama chumba. Kilikuwa nyuma ya hoteli, cha mwisho kwenye safu, chenye kitanda cha kamba, msumari wa kutundika shati na dirisha dogo. Mimi nilikuwa nje nikianua blanketi lililolowa maji ya radieta, na mlango walikuwa wameuacha wazi. Mama aliketi kitandani. Alibonyeza godoro kwa kiganja, akalala chali, akatazama mabati.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho hiki."

"Godoro hili ndilo linalokuumiza shingo. Mimi nilidhani ni usukani." Akaendelea kutazama mabati. "Nilidhani pengine huku kuna mtu."

"Najua," alisema baba.

"Ulijua? Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini ukaamini? Nilifurahi uliposema unataka kuja. Niliogopa tu utaona mahali penyewe palivyo."

Mama aliketi. Sikuona uso wake, ila nilimwona akisogea pembeni ya kitanda na kupiga godoro mara mbili kwa mkono, kama alivyotufanyia sisi tulipokuwa wadogo na wagonjwa. Baba aliingia akakaa karibu naye. Niliondoka na blanketi langu, nikiwa na hisia kwamba mwili wangu mzima umekuwa mwepesi.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kukaa tu, na naikumbuka kuliko safari nyingi kubwa nilizofanya baadaye. Baba alilala mpaka saa ya chai, kitu ambacho mwenye hoteli alisema hajawahi kukiona. Kaka alicheza mpira na vijana wa pale kwenye uwanja wa vumbi jekundu, akarudi rangi yake haionekani. Mama na mwenye hoteli walikaa kivulini nyuma ya jiko. Mama hakwenda popote bila sindano na uzi. Alichukua ile aproni akashona mfuko, kisha akaomba kitambaa cha meza kilichozeeka, akakikata na kuanza kushona aproni nyingine kwa mkono. Niliwasikia wakicheka. Waliongea habari za waume, za watoto, na za mwanamke mmoja mtaani kwetu ambaye mama alisema angependa sana kumleta huku siku moja aone kwa macho yake.

Alhamisi jioni tulilirudisha gari Komarock, limejaa vumbi, likiwa na mpira mpya wa radieta na wale twiga wawili salama. Mjomba alilizunguka akilikagua, kisha akauliza tulifika wapi. Mombasa?

"Mtito," alisema baba.

"Mtito Andei?" Mjomba alicheka mpaka akashika boneti. "Shemeji, wiki nzima ya likizo unawapeleka watoto Mtito? Hapo si ni mahali pa kunywa chai tu, mtu apite?"

Baba alitaka kueleza habari za radieta, lakini mama alimtangulia.

"Tulikunywa," alisema, "na tulikaribishwa tena."

Mwezi uliofuata, baba alipoondoka, mfuko wake ulikuwa mzito kuliko kawaida. Ndani mama alikuwa ameweka mto aliomshonea, aproni mbili mpya za mwenye hoteli, na jezi ya zamani ya kaka kwa ajili ya vijana wa uwanja wa vumbi. Alimsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na aliporudi aliketi kwenye cherehani akaendelea na kazi yake akiimba.